Kuhukumu Picha za Chini ya Bahari

Kuipa picha zawadi huonekana kazi rahisi machoni pa mtu ambaye hajapata kuifanya. Picha hupangwa mezani, mwamuzi huzitazama, hupendezwa na moja kuliko nyingine, na shauri limekwisha. Lakini wewe, msomaji, ukiitwa kesho kuhukumu picha zilizopigwa chini ya bahari, utakuta kwamba nusu ya jambo unalopaswa kulihukumu haimo katika picha. Nusu hiyo imebaki kule chini, katika dakika zile kabla ya mpiga picha kubonyeza kamera yake, na dakika zile baada ya kuondoka kwake. Samaki aliyepigwa picha hawezi kuitwa kutoa ushahidi, wala tumbawe lililovunjwa kwa teke halina ulimi. Napenda tutazame pamoja jinsi mashindano ya picha za namna hii yanavyofanywa, wapi yamestahili sifa na wapi yamestahili lawama. Huenda chama cha shule yako, hasa ikiwa u mwanafunzi wa pwani, kitapenda siku moja kufanya mashindano yake chenyewe.

Upigaji wa picha chini ya maji una umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika mwaka wa 1856 wakili mmoja wa Kiingereza, William Thompson, alitia kamera yake ndani ya sanduku, akaishusha majini katika ghuba ya Weymouth, mwenyewe akakaa mashuani kungojea. Maji ya chumvi yaliingia ndani, na hata hivyo alipata picha hafifu. Katika mwaka wa 1893 Louis Boutan, mtaalamu wa viumbe, alishuka mwenyewe katika bahari ya Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, amevaa vazi zito la wapiga mbizi wa zamani. Wamarekani wawili, Longley na Martin, walipata picha za kwanza za rangi katika mwaka wa 1926 huko Florida, kwa mwanga wa unga wa magnesi uliolipuliwa juu ya chelezo. Utaona katika habari hizi zote kwamba mpiga picha ndiye aliyelipa gharama, kwa baridi, kwa hatari, na kwa vyombo vilivyoharibika. Siku hizi kamera inayofumbatwa mkononi huzamishwa bila kuingiza maji. Gharama ya mpiga picha imeshuka, na palipo na zawadi imekuwa rahisi kumlipisha mwingine, yaani yule anayepigwa picha.

Chukua mfano wa bunju. Kila mtoto wa mvuvi anamjua: samaki asiyeliwa ovyo kwa sababu ya sumu yake, ambaye akitishwa humeza maji akavimba kama mpira, miiba ikasimama. Bunju aliyevimba ni kitu cha kuchekesha, na picha yake huwapendeza watu wanaotazama ukutani. Lakini bunju havimbi kwa furaha. Huvimba anapodhani kwamba anakaribia kuliwa. Wataalamu waliompima katika mwaka wa 2014 waliona kwamba baada ya kuvimba mara moja humchukua samaki huyo zaidi ya saa tano kurudia hali ya utulivu wa mwili. Basi mwamuzi anapoletewa picha ya bunju aliyevimba, na pembeni mwake haonekani papa wala chewa mkubwa, yampasa aulize, “Ni nani aliyemtisha?” Mara nyingi mtu wa kumtisha aliyekuwapo ni mmoja tu, naye ndiye aliyeandika jina lake katika fomu ya kuomba zawadi.

Hapo ndipo ninapoanza kuwalaumu waamuzi wa mashindano mengi. Wengi wao ni mafundi wa kamera. Wanajua mwanga umetoka upande gani na lenzi gani imetumika, lakini hawajui tabia ya kiumbe kilichomo ndani ya picha. Nitaeleza kwa nini elimu hiyo ni ya lazima. Wako konokono wa bahari wasio na kombe, wazuri mno kwa rangi, ambao wengi wao hula chakula cha aina moja tu, sifongo fulani au mmea-mnyama fulani uotao mwambani. Mpiga picha mwenye haraka humkuta konokono huyo mahali pasipopendeza, akamnyanyua, akamweka juu ya tumbawe jekundu ili rangi zishindane. Fundi wa kamera atausifu uzuri wa rangi hizo. Mtu ajuaye chakula cha konokono atasema, “Huyu hapa si kwake.” Kadhalika farasi-bahari wadogo, warefu kama ukucha wa kidole, hugeuza kisogo mwanga unapowakaribia. Ukiona picha ambayo mmoja wao amekaa sawasawa akitazama kamera, yawezekana kwamba mpiga picha alikuwa mvumilivu sana, na yawezekana pia kwamba kijiti kilitumika kumgeuza. Hakuna mashindano yanayoweza kutenganisha mambo haya mawili bila kumweka katika meza ya waamuzi japo mtu mmoja aliyesoma viumbe vya baharini, naye apewe sauti ya kukataa na si ya kushauri tu.

Na kijiti hicho mara nyingi hakishikwi na mpiga picha. Hushikwa na kiongozi wa wazamiaji, kijana wa mahali pale, anayejua kila jiwe na kila shimo. Yeye ndiye anayemwona pweza ambaye mgeni angempita mara kumi. Mgeni amelipa nauli kubwa, muda wake ni mfupi, na bakshishi yake ni kubwa zaidi ikiwa pweza atatoka shimoni. Kijana anafanya nini? Anamchokoa. Baadhi ya watu husema makosa haya ni ya viongozi, wapewe mafunzo na yataisha. Mimi naona maneno hayo yana uonevu ndani yake, maana anayetoa fedha ndiye anayeagiza hata asiponena neno. Kanuni ya mashindano ingefaa kusema wazi kwamba mshindani hujibu kwa ajili ya mikono yote iliyokuwapo majini wakati wa picha yake. Tena ingefaa kudai kwamba jina la kiongozi liandikwe chini ya picha, ikiwa mwenyewe amekubali. Jina likiandikwa, heshima ya picha humfikia na yeye, na mtu mwenye sehemu yake katika heshima ana sababu ya kuilinda.

Usidhani kwamba madhara haya ni ya kufikirika. Huko St Lucia, katika visiwa vya Karibi, wachunguzi waliwafuata wazamiaji majini na kuhesabu mara walizogusa matumbawe. Habari zao zilichapishwa mwaka wa 2004. Wenye kamera waligusa kiasi cha mara nne katika kila dakika kumi. Wasio na kamera mara moja. Kisha likaonekana jambo jingine ambalo kila mwalimu angelitazamia: hotuba fupi kabla ya kuzama haikuzuia kitu, lakini kiongozi aliyekuwa majini akimwonya kila aliyegusa alipunguza sana makosa hayo. Ukikumbuka kwamba baadhi ya matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, utaelewa kwamba teke moja la mtu anayetafuta pembe nzuri ya kamera laweza kuondoa kazi ya miaka iliyoanza kabla hajazaliwa. Sisi hapa tuna sababu ya kulifikiri hilo zaidi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, zilikuwa miongoni mwa za kwanza katika Afrika, na matumbawe yake yalikufa kwa wingi maji yalipopata joto kali mwaka wa 1998. Yaliyobaki na yaliyoota upya hayana nguvu ya kuvumilia na miguu yetu pia.

Nilipata kuombwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano madogo ya vijana wa pwani. Wenyewe sitawataja, maana walikuwa watu wema waliotaka kuwatia vijana moyo. Miongoni mwa picha palikuwa na moja iliyowavutia wote: mkono wa mtoto umenyanyua kiti cha pweza chekundu juu ya maji, matone yanadondoka, na nyuma yake mbingu ni safi. Kwa hesabu ya mwanga na mpango ilikuwa picha njema. Nikasema kwamba mnyama huyo huvuta hewa yake kutoka majini kupitia ngozi, na kumweka juani ili apendeze ni kumkaba pumzi. Mwenzangu mmoja akajibu kwamba ni dakika moja tu, na mtoto hakujua. Yote mawili huenda yalikuwa kweli. Picha ile ilipewa zawadi ya pili kwa kura mbili kwa moja, ikatundikwa ukumbini. Mwaka uliofuata zililetwa picha nyingi za viti vya pweza vilivyonyanyuliwa juu, vingine viwili viwili, kimoja kimewekwa juu ya kichwa cha msichana kama taji. Hakuna kijana aliyekosa akili hapo. Walikuwa wamesoma kwa makini kile tulichowafundisha mwaka uliotangulia, ukutani.

Hata mashindano makubwa yenye sifa duniani yamepata aibu. Yako mashindano ya picha za viumbe vya porini yanayosimamiwa na jumba kuu la elimu ya viumbe la London, ambayo yalianza mwaka wa 1965. Zawadi kuu ya mwaka wa 2009 ilikwenda kwa picha ya mbwa mwitu aruka lango usiku, na Januari 2010 ikaondolewa, kwa kuwa waamuzi waliridhika kwamba huenda mnyama huyo alikuwa wa kufugwa na kufundishwa. Picha nyingine ya mwaka wa 2017 ilimwonyesha mnyama mla mchwa akikaribia kichuguu kinachong’aa usiku huko Brazili. Watu wa nje wakaleta mashaka, wataalamu watano wakafanya uchunguzi kila mmoja peke yake, wakaona kwamba mnyama huyo alifanana mno, kwa alama za ngozi na kwa mkao, na mnyama mkavu aliyejazwa na kuwekwa penye kuingilia mbuga. Mpiga picha alikana, lakini zawadi iliondolewa mwaka wa 2018. Najua hizi ni picha za nchi kavu. Nimezitaja kwa sababu nchi kavu mashahidi ni wengi: walinzi wa mbuga, wapita njia, nyayo mchangani. Chini ya bahari mashahidi ni mmoja au wawili, na wimbi hufuta nyayo. Ikiwa hila imewezekana juu, je, kule chini?

Lakini nisikufanye udhani kwamba wapiga picha wote ni watu wa hila. Zawadi kuu ya mashindano yayo hayo ya London mwaka wa 2021 alipewa Mfaransa Laurent Ballesta, kwa picha ya chewa wakiondoka katika wingu jeupe la mayai na mbegu huko Fakarava, katika Polinesia ya Kifaransa. Samaki hao hukutana kutaga mara moja tu kwa mwaka, karibu na mwezi mpevu wa Julai. Yeye na wenzake walirudi huko mwaka baada ya mwaka kwa muda wa miaka mitano, wakizama usiku na mchana ili saa hiyo isiwapite. Ukiitazama picha yenyewe utaona kwamba chewa hawamtazami mpiga picha. Wana shughuli yao. Hiyo kwangu ni alama bora kuliko rangi. Mwaka wa 2024 zawadi hiyo ilimwendea Shane Gross wa Kanada, ambaye hakwenda hata baharini. Aliogelea kwa miwani na mrija tu katika ziwa dogo la kisiwa cha Vancouver, chini ya mayungiyungi, akajihadhari asiitibue tope laini ya chini, akapiga picha ya viluwiluwi vya chura vikipanda kwa makundi kuelekea juu. Maji katika picha hiyo ni maangavu. Mtu aliyepiga mateke asingeyapata maji hayo. Kwa hiyo hapo adabu ya mpiga picha imejiandika yenyewe katika uzuri wa kazi yake, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Nina neno pia juu ya picha ya Justin Hofman, iliyofika hatua ya mwisho mwaka wa 2017 bila kupata zawadi kuu. Ilipigwa karibu na Sumbawa, Indonesia, na inamwonyesha farasi-bahari amekunja mkia wake juu ya kijiti cha plastiki cha kusafishia masikio, akichukuliwa na mkondo. Wengine waliilaumu kwamba haipendezi, na mpiga picha mwenyewe alisema alitamani isingekuwapo. Naiona kuwa picha ya haki. Farasi-bahari hushika chochote kinachopita ili mkondo usimpoteze. Zamani kilikuwa jani, leo ni takataka zetu. Mpiga picha hakuongeza kitu. Kama mashindano hayana mahali pa picha ya namna hii, yakataka bahari iliyosafishwa kwa ajili ya wageni, basi yanasema uongo mmoja mkubwa badala ya uongo mwingi mdogo.

Sasa, kwa habari ya usawa kati ya washindani wenyewe, maneno yangu yatakuwa machache, kwani mengi katika hayo wewe unayajua kutokana na mitihani. Jina lisionekane, picha ipewe namba. Mwamuzi mwenye ndugu au mwanafunzi miongoni mwa washindani akae kando. Picha iletwe pamoja na faili lake la awali, kama lilivyotoka katika kamera, ili ijulikane kilichofutwa na kilichoongezwa. Jambo hili limekuwa la lazima zaidi tangu akili bandia ilipoweza kutengeneza picha ambayo haikuona bahari kamwe. Katika mwaka wa 2023 Mjerumani mmoja alishinda katika mashindano mashuhuri kwa picha ya namna hiyo, akaikataa zawadi mwenyewe ili kuonyesha udhaifu wa waamuzi. Kamera za simu zihukumiwe katika fungu lao na kamera kubwa katika fungu lake. Na haki ya picha ibaki kwa aliyeipiga. Yapo mashindano yanayoandika kwa herufi ndogo kwamba kila picha iliyoletwa, iliyoshinda na iliyoshindwa, ni mali ya waandalizi milele. Soma masharti hayo kabla ya kutia sahihi.

Lililo gumu zaidi ni muda. Kuna mashindano ambayo washindani wote huzama katika bahari moja katika siku chache zile zile. Wanayoyatetea husema kwamba ndiyo haki kamili, maana hakuna aliyefaidika kwa utajiri wa kusafiri. Neno hilo lina nguvu, nami sitalipuuza. Lakini fikiri mwamba mmoja ukijiwa na watu wengi, kila mmoja anahesabu dakika za hewa iliyobaki mgongoni mwake na kila mmoja anataka pweza yule yule. Haki ya washindani imepatikana kwa kumwonea pweza. Mimi ningechagua muda mrefu, tuseme msimu mzima wa kaskazi, wakati maji yetu yanapotulia na kuwa maangavu. Utasema kwamba hapo mtoto anayekaa Watamu au Wasini atamshinda yule wa Nairobi anayekuja kwa siku mbili. Ni kweli, atamshinda. Anayeona bahari kila maji yanapokupwa, akajua ni saa gani kamba hutoka na ni jiwe gani lina mkunga, amelipia ujuzi huo kwa miaka yake, na sioni ubaya ukimfaidi kwa mara moja.

Wako pia wanaotaka taa za kamera zipigwe marufuku kabisa kwa sababu zinawapofusha samaki. Hapa naomba tuwe waangalifu, tusitoe hukumu kwa huruma tupu. Wachunguzi waliowapima farasi-bahari na samaki wengine wa chini, wakaandika mwaka wa 2019, hawakuona dhara katika macho kutokana na mwanga wa kamera. Waliona kwamba kuguswa na kusukumwa ndiko kulikowasumbua. Basi kanuni ikaze pale penye ubaya. Isiruhusu kugusa, kusogeza, kulisha kwa chambo, wala kumzingira mnyama asipate njia ya kutokea. Kwa taa, idadi ndogo ya mimweko kwa kila mnyama yatosha, tena haihitaji maneno mengi.

Mwishowe itakupasa kuikataa picha ya mtu, pengine rafiki yako, na pengine picha iliyo nzuri kuliko zote. Usiitupe kimya kimya. Mwandikie barua yenye adabu, umwambie ni mnyama gani, ni alama gani uliyoiona, na ni kanuni ya ngapi iliyovunjwa. Mwombe alete picha alizopiga kabla ya ile na baada yake, maana mfululizo wa picha kumi hueleza habari ambayo moja huificha: huonyesha kama samaki alikuja mwenyewe, na kama aliondoka polepole au kwa kukimbia. Mpe siku 14 za kujibu. Akijibu kwa hoja, picha irudi mezani mbele ya waamuzi wote, na yule aliyeikataa kwanza asiwe wa kwanza kusema.